Siku Tuliyomwacha Kimya Afe

Nina miaka thelathini na moja na nimestaafu. Chekeni, nawasubiri. Mkimaliza mkae chini, maana haya nayaandika kwa ajili yenu, nyie mliobaki kwenye kile chumba chenye trei za mayai ukutani, nyuma ya banda la video pale Manzese, mnaotia sauti za Kiswahili kwenye filamu za watu wa mbali. Siku ya kuniaga Bosi Hafidh alileta keki na soda. Akasema maneno mazuri. Mie nikambeba mwanangu nikatoka keki haijakatwa, na nasikia mmesema nina kiburi. Sina kiburi. Nina hasira, na mnastahili kujua ya nini, kwa sababu sehemu yake ni yenu.

Wiki ile mlikuwa mmemfufua Kimya.

Nitafika huko. Kwanza mjue nilivyoingia, maana wengi wenu mlipokuja mlinikuta nimeshakaa kwenye kiti, mkadhani nilizaliwa nacho.

Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo mama aliyasoma mara mbili, akayakunja, akasema nitafute kazi. Kiingereza ndicho pekee nilichofaulu vizuri. Jirani akatuambia kuna banda nyuma ya duka la vitenge la Waarabu, babake Hafidh ndiye mwenye duka, wanatafuta msichana anayekijua. Nikaenda mchana, jua kali, nikaingia gizani. Madirisha yamezibwa kwa magunia. Mabenchi ya mbao. Feni moja. Mbele televisheni, na pembeni yake meza ndogo yenye kipaza sauti kilichovishwa soksi ya mtoto. Nyuma ya soksi alikuwa amekaa mzee mwembamba wa baraghashia, anaongea peke yake kwa sauti za watu wanne.

Akasimamisha filamu. Watu wakaguna.

"Shikamoo."

"Marahaba. Unajua kulia?"

"Kulia?"

"Wanawake wa kwenye kauboi wanalia. Mie nimewalilia miaka ishirini, koo limechoka. Haya, lia, huyu mumewe kapigwa risasi."

Nikalia. Vibaya mno.

"Huyo kafiwa na kuku," mtu akasema kutoka benchi la nyuma, na banda zima likacheka.

"Mwacheni," mzee akasema. "Leo kuku. Kesho atafiwa na mtu."

Ndiyo siku yangu ya kwanza kazini. Mzee mwenyewe ni Mzee Kondo, Mzaramo wa Pugu, aliyekuwa fundi redio kabla ya kuanza kutia sauti filamu. Nyie mnalijua jina lake kwa sababu limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa chumba. Wengine wenu hamkuwahi kumsikia hata anapiga chafya.

Wiki ya pili nikagundua siri yake, nikadhani nimeshika kitu kikubwa. Mzee Kondo hakujua Kiingereza. Alijua ndiyo, hapana, twende, na majina ya bunduki. Nikamfuata watu walipotoka.

"Mzee, pale yule mzungu kasema ataondoka kesho asubuhi. Wewe umesema anamuuliza mwenzake kama amemuona mdogo wake."

"Kasema hivyo kwa mdomo."

"Sasa?"

"Mdomo hata mie ninao." Akarudisha kanda nyuma, akazima sauti. "Tazama bega. Mtu anayeondoka kesho bega lake limeshaondoka. Hili limebaki. Huyu kuna mtu anamtafuta."

Basi hiyo ndiyo shule niliyosoma. Filamu unaitazama mara tatu bila sauti kabla ya kusikiliza neno moja. Mara ya kwanza unatazama mikono, mara ya pili mabega, ya tatu uso wa yule anayesikiliza, siyo anayesema. Huandiki kitu. Ukiandika utasoma, na mtu anayesoma anajulikana. Maji ya uvuguvugu, siyo baridi. Kipaza sauti kivishwe soksi ya pamba, siyo ya nailoni, ya nailoni inakwaruza. Nyie mna programu ya kufuta mikwaruzo, na bado nawasikia mnasoma.

Sasa Kimya.

Kimya ni yule mzungu mrefu wa kofia iliyoshuka machoni, ambaye ukutani mwa banda kachorwa akiwa na pua kubwa kuliko aliyonayo. Jina lake halisi lilikuwa kwenye makasha ya kanda, na hakuna mtu Manzese aliyekuwa na shida nalo. Aliitwa Kimya kwa sababu filamu nzima alikuwa anasema maneno ambayo ungeweza kuyahesabu kwa vidole vya mikono na miguu. Mengine yote aliyasema Mzee Kondo. Yule bwana alifanya kazi maisha yake yote. Kuna filamu yuko kijana kabisa, hana hata sehemu ya kusema, kazi yake kushika farasi wa wakubwa. Kuna alizotawala, amesimama katikati ya barabara ya vumbi na mji mzima umejifungia ndani. Kuna za mwisho, shingo imelegea, akipanda farasi unaona wamekata picha ili usione anavyosaidiwa.

Huko kwao kila filamu ni mtu mwingine. Hapa askari, pale mwizi, kule mchungaji wa kanisa. Mzee Kondo aliona huo ni upuuzi. Uso ni ule ule, mtu ni yule yule. Akazishona zote zikawa maisha ya mtu mmoja. Kimya alizaliwa na mhunzi, akapotelewa na mdogo wake kwenye vita, akamuoa Mwanaidi, Mwanaidi akafa kwa homa, na tangu hapo anazunguka mji hadi mji anamtafuta mdogo wake. Kwenye filamu aliyokuwa askari, ni kwamba ameshika kazi ili apate kupekua majela. Aliyokuwa mwizi, ni kwamba kaingia genge kwa kuwa mdogo wake alionekana humo.

Kanda zilikuja bila mpangilio. Jumamosi hii Kimya mzee, Jumamosi ijayo kijana. Na mabenchi yalikuwa na wasomi wake.

"Mzee, samahani. Bega hilo si alipigwa risasi kule kwenye treni? Mbona anabeba gunia nalo?"

"Hii ni kabla ya treni."

"Kabla ya treni alikuwa hajafiwa na Mwanaidi. Mbona yuko peke yake?"

"Mwanaidi kaenda kwao kujifungua. Unataka aje naye kwenye bunduki?"

"Hapo sawa. Endelea, Mzee."

Kulikuwa na sheria moja ambayo haikuvunjwa. Steringi, yaani mwenye filamu yake, hafi. Nyie mnaichukulia kama mchezo. Wakati ule banda lingechomwa moto. Mara mbili tatu wenzetu wa huko walimuua Kimya, na Mzee Kondo alimuokoa kila mara. Moja akasema aliyezikwa ni jambazi mmoja aliyefanana naye. Nyingine alipoanguka tu, Mzee akakata picha, akamalizia kwa mdomo: kwamba risasi imepita mbavuni, kuna mama mmoja anamuuguza, atapona, tutamuona. Na kweli wiki iliyofuata watu walimuona, kijana kuliko mwanzo, wakampigia makofi kwa kupona.

Nilijifunza hiyo kabla sijajifunza kitu kingine chochote. Nilikuwaga bingwa wake. Mke wa mtu akifa, mie nampa pumzi tatu za ziada, nampa na neno la matumaini. Mzee Kondo aliniambia mara moja tu, "Chausiku, wewe una moyo laini, kazi hii inakufaa." Nikafurahi mwezi mzima. Leo nikiikumbuka hiyo sentensi natamani angenizaba kibao.

Miaka ikaenda. Kanda zikawa sidii, sidii zikawa flashi. Hafidh akarithi duka na banda, akajenga kile chumba, tukaanza kurekodi, na sauti zetu zikawa zinasikika Temeke, Mbagala, hata kwenye malori ya kwenda mikoani. Wanawake nikawafanya wote mie, na watoto, na farasi mmoja aliyehitaji kulia. Ila filamu za Kimya zilibaki mubashara bandani, Jumamosi baada ya adhuhuri, Mzee Kondo mwenyewe kwenye kipaza. Hizo hakukubali zirekodiwe bila watu. Alisema Kimya hawezi kuongea na trei za mayai.

Kisha sauti yake ikaanza kukwaruza. Watu wakasifia, kwa sababu Kimya naye alikuwa anazeeka kwenye filamu na sauti ikawa inamfaa. Tangawizi, asali, ndimu, kitunguu saumu, kila mtu na dawa yake. Mwaka mzima. Siku alipotema damu kwenye leso ndipo bintiye, Dada Mwanne, alipomlazimisha twende hospitali. Nasema twende, kwa sababu alikataa kwenda bila mie. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano.

Hospitali yenyewe sitaitaja, haina kosa. Siku ile kulikuwa na daktari bingwa wa koo, mgeni kutoka nje, anayezungumza Kiingereza tu. Nesi aliyekuwa anamtafsiria akaitwa wodini. Dada Mwanne alikuwa dirishani anafuatilia faili. Chumbani tukabaki watatu: daktari, Mzee Kondo, na mie niliyefaulu Kiingereza.

Daktari akazungumza taratibu, ili nielewe, na nilielewa kila neno. Alisema kuna saratani pale penye sauti. Alisema haijasambaa, na hiyo ni bahati. Alisema inabidi kisanduku chote cha sauti kitolewe, mwezi huu, usipite. Atapumulia tundu shingoni. Hatazungumza tena kama zamani. Lakini ataishi, na miaka mingi anaweza kuishi. Akanipa nafasi nitafsiri.

Mzee Kondo alikuwa ananitazama. Amevaa kanzu yake ya Ijumaa, ile aliyovaa ili daktari amheshimu. Mikono kaiweka magotini kama mtoto wa madrasa.

Nikasema, "Anasema kuna uvimbe, Mzee. Atakupa dawa. Ikishindikana ndiyo watafikiria kukata, lakini hakuna haraka."

Ilinitoka hivyo hivyo. Sikuipanga. Naapa sikukaa nikawaza kwamba namdanganya. Nilifanya nilichokuwa nakifanya kila siku tangu nina miaka kumi na tisa: nilimuona steringi anaanguka, nikampa pumzi.

Mzee akamtazama daktari. Akamtazama muda mrefu, kwanza mikono, halafu mabega, halafu uso. Kisha akanigeukia mie.

"Sawa," akasema.

Daktari akaniuliza kama mgonjwa amekubali upasuaji. Nikamwambia anaomba muda afikirie. Uongo wa kwenda na wa kurudi. Akaandika dawa za maumivu na tarehe ya kurudi, wiki mbili. Ile tarehe nikaikunja nikaitia kwenye pochi. Nje nikamwambia Dada Mwanne maneno yale yale niliyomwambia baba yake, akanikumbatia. Alinunua machungwa getini, tukala tukiwa tumesimama.

Nitawaambia nilichojiambia, ili siku ikiwafika mkitambue. Nilijiambia nitamwambia akishatulia. Nilijiambia mtu wa sauti ukimwambia atakatwa sauti atakufa kwa huzuni kabla ya kisu. Nilijiambia nina mimba, nisijipe mawazo. Wiki mbili zikawa nne, nne zikawa saba. Uvimbe ukawa unaonekana kwa nje, chini ya taya, kama ndimu.

Tuliporudi, yule mgeni alishaondoka. Tukamkuta daktari kijana, Mtanzania, anazungumza Kiswahili kama mie na nyie. Akafungua faili. Akasoma. Akamtazama Mzee, akasoma tena.

"Mzee wangu, shikamoo. Mbona mmechelewa hivi? Hamkuambiwa kwamba ilitakiwa kukatwa mwezi ule ule?"

Chumba kikawa kidogo. Dada Mwanne akanigeukia. Mie nilikuwa natazama sakafu, kuna kigae kilikuwa kimevunjika, hata leo naweza kukichora.

"Niliambiwa," Mzee Kondo akasema. Sauti ilishakuwa ya karatasi, lazima umsogelee. "Mtoto alinitafsiria vizuri. Mie ndiye niliyekawia. Niliogopa kisu."

Daktari akatikisa kichwa. Akasema sasa imesambaa, kukata hakutasaidia. Watampa dawa za kutuliza. Alisema yote kwa Kiswahili, na hakumpunguzia hata herufi, na Mzee akamshukuru.

Siku tatu baadaye nilikwenda kwao Pugu. Nyumba yao iko juu, ukikaa uani unaona msitu. Dada Mwanne alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, nikakaa karibu yake nikamwambia. Yote, pamoja na tarehe kwenye pochi. Hakunipigia kelele. Aliendelea kutoa mawe kwenye maharage mpaka nikamaliza.

"Baba yangu siyo sinema, Chausiku," akasema.

Kisha akaingia ndani na ungo wake. Mpaka leo hakuna tusi nililowahi kupewa linalofikia hilo.

Mzee alikuwa amelala barazani kwenye mkeka, ameegemea mto. Akanionyesha nikae.

"Nitafsirie tena," akasema. "Yule mgeni. Alivyosema."

Nikamtafsiria. Neno kwa neno, nilikuwa nayakumbuka yote kwa sababu yalikuwa yanajirudia kichwani kila nikifumba macho. Nilipofika kwenye "ataishi", nikashindwa. Akasubiri. Nikasema: "Alisema utaishi."

Akauvuta mto, akakaa wima kidogo.

"Nilijua," akasema. "Siyo yote. Ila uso wa yule bwana haukuwa uso wa maneno yako. Mtu anayesema hakuna haraka hakai ukingoni mwa kiti."

"Sasa mbona hukuniuliza, Mzee?"

"Nilipenda tafsiri yako."

Nikalia. Siyo kilio cha kuku. Akaniacha mpaka nikanyamaza, halafu akasema jambo lililonifanya niandike haya yote.

"Mie ndiye niliyekufundisha. Kwa hiyo kosa tugawane. Lakini kuna filamu moja ya Kimya, nasikia Hafidh kaipata. Ya mwisho. Wanasema huko anakufa kweli. Hiyo usiifanyie ulivyonifanyia mie."

Filamu ya mwisho ya Kimya ilikuwa kwa Hafidh tangu wiki mbili nyuma. Yule mzungu mwenyewe, nasikia, aliicheza akiwa mgonjwa, na hakucheza nyingine. Ndani yake ni mzee ana ugonjwa, kajificha kwenye nyumba ya mwanamke mmoja mjane, na anajua hatapona. Mwisho anatoka, anapigana mara moja, anarudi barazani, anakaa kwenye kiti. Basi. Kamera inakaa pale. Hasemi neno.

Nilijifungua kwanza, na nilipopata nguvu nikamwambia Hafidh nitaifanya mie, sauti zote, na Kimya. Na atakufa.

"Dada Chau, umechanganyikiwa? Kimya afe kwenye banda langu?"

"Afe."

"Watavunja mabenchi."

"Mabenchi ni mbao, Bosi."

"Wewe una mtoto mchanga, nenda kapumzike kwanza, akili itarudi."

Nasra alikuwa na miezi miwili na nusu. Akili yangu ilikuwa pale pale nilipoiacha. Nilimwambia kama hataki, achape tangazo kwamba sauti ya Kimya siyo ya Mzee Kondo wala yangu, tuone nani atakuja. Akatukana kwa Kiarabu cha babu yake, akakubali.

Jumamosi banda likajaa mpaka mlangoni. Dada Mwanne alimleta baba yake kwa bajaji kutoka Pugu mpaka Manzese, safari ambayo daktari angeikataa. Tulimpa benchi la mbele, na mto. Kavaa kanzu ya Ijumaa na baraghashia, shingoni kajifunga leso. Watu wakamwamkia mstari mzima, na yeye anajibu kwa mkono.

Nilikaa kwenye meza yake. Soksi ilikuwa mpya, ya Nasra, ya pamba. Nasra mwenyewe alikuwa mapajani ananyonya, na kwenye nakala ya siku ile, kama bado ipo, mtamsikia mara mbili.

Nilimfanya Kimya kwa sauti yangu mwenyewe. Sikujitia uzito wa kiume. Dakika tano za kwanza watu wakanong'ona, mmoja akasema, "Kimya kageuka Mwanaidi," wakacheka, kisha wakazoea, kwa sababu mabega yalikuwa sahihi. Aliongea kidogo, kama alivyoongea kweli. Yule mjane akamuuliza kama alimpata yule aliyekuwa anamtafuta, hayo niliyatia mie, kwa heshima ya Mzee. Kimya akajibu: hapana, lakini nimetembea sana.

Nikamwona Mzee Kondo anaitikia kwa kichwa, polepole.

Ikaja ya mwisho. Kimya akapigana. Akarudi barazani anashika ukuta. Akakaa kwenye kiti. Kamera ikakaa.

Hapo ndipo watu wote walikuwa wanajua kitakachotokea. Walikuwa wananisubiri. Nilisikia jinsi walivyokuwa wananisubiri, wamesogea mbele kwenye mabenchi, wanataka neno moja tu: amelala, amezimia, kuna mama anakuja na dawa. Neno lilikuwa mdomoni. Nimelisema neno hilo maisha yangu yote ya kazi, ulimi unaijua njia yake. Nje basi la mwendokasi likapita barabarani, mabati yakatetemeka, likaisha. Feni ikazunguka. Nasra akaachia ziwa.

Sikusema.

Ile picha ni ndefu. Mwanga unatoka mguuni mwake unapanda mpaka kwenye kofia. Nikaweka mkono juu ya soksi ili hata pumzi yangu isiingie.

"Mbona hasemi?" mtu akauliza nyuma.

Mwingine akasimama juu ya benchi.

"Chausiku, mbona hasemi? Umelala?"

Na Mzee Kondo, bila kugeuka, kwa ile sauti ya karatasi ambayo sijui iliwafikiaje watu wote wale, akasema:

"Amemaliza."

Benchi moja lilivunjwa, ni kweli. Kuna waliodai kiingilio chao, na kuna mtu mzima mwenye ndevu aliyelia mlangoni akiwa amejiziba kwa kofia. Ila wengi walitoka taratibu, na wakitoka walikuwa wanapita benchi la mbele, wanampa Mzee mkono, mmoja mmoja. Wanasema pole, Mzee. Ile pole ya msibani. Naye anaipokea. Dada Mwanne alikuwa amesimama nyuma yake, na yeye akawa anapewa mkono. Sijui nani alianza. Wakampa pole mpaka banda likaisha watu.

Alifariki siku tisa baadaye, nyumbani, akiwa ameshawaita wanawe, ameshasema anapotaka kuzikwa na nani amsamehe nini. Hakuna aliyemwambia atapona. Dada Mwanne alinipigia simu mwenyewe. Mazishini alinipa mtoto wake nimshikie, na mie nikampa wangu. Hatujawahi kuzungumza zaidi ya hapo, na sidai.

Nilifanya kazi mwaka mmoja na zaidi baada ya hapo. Nilifundisha baadhi yenu kutazama mabega. Kisha siku ile naingia chumbani nawakuta mnacheka, mmeifungua filamu ya mwisho ya Kimya, Hafidh amewaambia muirekebishe iuzike, na pale barazani kwenye kiti mmemtia sauti nzito inasema: "Msilie, nimepumzika tu, nitarudi." Na muziki. Nikauliza nani kafanya. Mmoja wenu akasema, "Sista, watu wanataka matumaini." Anasema kwa upole, ana moyo laini. Kazi inamfaa.

Ndiyo nikastaafu.

Hafidh anasema nimevunja riziki yangu kwa sababu ya mzungu aliyekufa zamani. Mama yangu anasema hivyo hivyo kwa maneno makali zaidi. Sasa hivi nafundisha Kiingereza watoto wa jirani barazani, na Nasra ameanza kutembea. Soksi yake bado ipo, niliitoa kwenye kipaza siku niliyoondoka. Tafuteni yenu.

Filamu nyingine fanyeni mnavyotaka. Mpeni kila steringi maisha saba, hainihusu. Ila siku moja mtakuwa kwenye chumba na daktari, au wakili, au simu imetoka mbali kwa lugha ambayo mama yako haijui, na watakugeukia wewe kwa sababu wewe ndiye unayejua. Ulimi wako utaanza kukimbia kwenye njia uliyouzoesha. Siku hiyo utajua kwa nini sikula keki.

Na ile ya mwisho ya Kimya, futeni mlichoweka. Kuanzia anapokaa kwenye kiti mpaka mwanga unapofika kwenye kofia, hakuna neno. Mzee Kondo ameshasema lililokuwa la kusemwa, na alilisema akiwa kwenye benchi.